Sura ya Saba: Gigabaiti Nne za Skyrim

Kompyuta ina RAM ya gigabaiti 16. Mchezo unatumia tatu na ushei. Kadi ya picha haijalemewa, diski ina nafasi, joto la prosesa ni la kawaida. Mchezaji anatoka mjini Whiterun juu ya farasi, anashika barabara ya Riverwood, na kabla hajavuka mto picha inatoweka. Anajikuta anatazama ikoni za Windows. Hakuna ujumbe wa kosa. Akifungua tena atacheza nusu saa, pengine saa nzima, kisha yaleyale, safari hii akiwa mlangoni mwa Solitude. Kati ya mwaka 2011 na 2016 huu ndio uliokuwa ugonjwa mkubwa wa The Elder Scrolls V: Skyrim iliyojazwa modi, na ushauri uliotolewa kila kona ulikuwa kununua RAM zaidi. Watu walinunua. Mchezo ukaendelea kukata.

Modi, kwa msomaji aliyeanzia kwenye sura hii, ni nyongeza ambazo wachezaji wenyewe huutengenezea mchezo. Za Skyrim ni makumi ya maelfu: nyuso mpya, silaha, misitu minene, miji, hata visa virefu vyenye sauti za waigizaji wa kujitolea. Mtu aliyeweka modi mia mbili haendeshi tena mchezo uliopimwa na studio iliyouunda, Bethesda Game Studios ya Marekani. Anaendesha mchanganyiko ambao huenda hakuna mwingine duniani mwenye nakala yake, na ukiharibika hana wa kumpigia simu. Itabidi ajifunze. Ninaiheshimu sana hali hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu iliyomo humu ilipatikana hivyo: wachezaji walipima, wakalinganisha vipimo vyao na vya wenzao, wakaelewa.

Hoja yangu ni moja. Mchezo unaokata kwa sababu ya kumbukumbu huwa umegonga kikomo fulani, na kikomo hicho kina namba. Kazi ya kwanza ya anayetaka kuutengeneza ni kuijua namba hiyo, kabla hajafuta modi hata moja na kabla hajatoa shilingi mfukoni. Skyrim inafaa kulionyesha hilo kuliko mchezo mwingine ninaoufahamu, maana kila kikomo chake kilipoondolewa, kingine kilijitokeza nyuma yake.

Ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, kwa Windows, Xbox 360 na PlayStation 3 kwa pamoja. Xbox 360 ilikuwa na megabaiti 512 za kumbukumbu kwa kazi zote, picha zikiwemo. PlayStation 3 ilikuwa na 256 za kazi na 256 za picha, kila fungu peke yake, na wachezaji wake ndio walioumia mapema zaidi: kadiri faili la sevu lilivyonenepa, ndivyo mchezo ulivyozidi kukwama. Kuibana nchi nzima ya milima, mapango na miji ndani ya nafasi finyu kiasi hicho ni uhandisi wa kuheshimiwa. Lakini injini hiyohiyo ndiyo iliyoingia kwenye PC, na iliingia ikiwa programu ya biti 32.

Hapo ndipo namba ya kwanza ilipo. Programu ya biti 32 huitaja kila sehemu ya kumbukumbu kwa anwani yenye tarakimu 32 za sifuri na moja. Anwani zinazowezekana ni 4,294,967,296, yaani gigabaiti nne, basi. Juu ya hapo, Windows hukata eneo hilo katikati: nusu huiachia programu, nusu hubaki kwa ajili ya mfumo wenyewe. Kwa hiyo Skyrim ya siku ya kwanza ilikuwa na gigabaiti mbili za anwani za kuchezea. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 na yenye 64 ziliupa mchezo huu kiasi kilekile, kwa sababu kilichokwisha kilikuwa anwani, na anwani haziuzwi dukani.

Palikuwa na mlango wa kutokea, na wachezaji waliujua kutokana na michezo ya awali. Mwanzoni mwa kila faili la programu ya Windows kuna sehemu fupi yenye alama zinazoueleza mfumo tabia za programu hiyo. Alama moja, yenye thamani 0x0020, huutaarifu mfumo kwamba programu inazimudu anwani kubwa. Programu ya biti 32 yenye alama hiyo, ikiendeshwa juu ya Windows ya biti 64, hupewa gigabaiti zote nne. Msomaji atauliza kwa nini Microsoft haikuziachia programu zote tangu mwanzo. Sababu ni kwamba programu nyingi za zamani zilizoea kuona biti ya juu kabisa ya anwani ikiwa sifuri, na baadhi ziliitumia nafasi hiyo kuwekea alama zao wenyewe. Ukizipa anwani kubwa zinavurugika. Ndiyo maana ruhusa ikawa ya kuombwa.

Basi siku za mwanzo watu walilifungua faili la programu ya mchezo, TESV.exe, wakabadilisha biti moja, wakacheza. Haukupita muda mrefu sasisho likalifunga faili hilo kwa kinga ya Steam, na lililohaririwa likakataa kufunguka. Mtu mmoja akatengeneza kianzishi kidogo kilichoongeza alama ileile wakati wa kuuwasha mchezo, bila kuligusa faili lenyewe. Desemba 2011, sasisho la 1.3.10 likaja na alama hiyo rasmi. Mwezi mmoja tu baada ya mchezo kutoka, kikomo kilikuwa kimepanda kutoka gigabaiti mbili hadi nne, na ninaamini kelele za wachezaji hao zilichangia.

Nne zingetosha kwa mchezo mtupu. Kwa mchezo wenye modi hazikutosha, na kibaya zaidi, hazikuwahi kutumika zote nne. Waliotazama kwa makini waliona kwamba TESV.exe hukata ikikaribia gigabaiti 3.1. Kwa nini 3.1 wakati kikomo ni 4?

Sababu ni vipande. Programu ikiomba megabaiti 20 za kuwekea kitu kimoja, lazima zipatikane zikiwa zimefuatana, anwani kwa anwani. Baada ya saa nzima ya kupakia na kuachia vitu, eneo la anwani limekatikakatika kama ardhi ya kijiji iliyogawanywa kwa vizazi vitatu vya warithi: ukijumlisha viraka vilivyo wazi unapata ekari nyingi, ila hakuna panapotosha kujenga ghala moja. Kifaa kiitwacho VMMap, kinachotolewa bure na Microsoft, huonyesha jambo hili waziwazi. Unaona jumla ya nafasi iliyo wazi, na pembeni yake ukubwa wa kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki. Ikifika hapo, jumla haina msaada. Kipande kikubwa ndicho kinachoamua kama mchezo utaendelea.

Na pale ombi linapokataliwa, kwa nini mchezo usiseme? Kwa sababu haukuuliza. Programu inayoomba kumbukumbu na kunyimwa hurudishiwa anwani sifuri. Programu yenye tahadhari huitazama anwani hiyo kabla ya kuitumia. Injini ya Skyrim, katika sehemu zake nyingi, huichukua na kwenda kuandika hapohapo. Windows hairuhusu programu yoyote kugusa eneo la mwanzo kabisa wa anwani, kwa hiyo huiua palepale na kuandika msimbo 0xC0000005 kwenye daftari la matukio. Msimbo huo maana yake ni kugusa kumbukumbu isiyo yako. Hausemi kwamba nafasi ilikuwa imekwisha, na wengi waliousoma wakaishia kulaumu draiva ya kadi ya picha.

Sasa tuje kwa anayekula nafasi. Watu hudhani ni idadi ya modi. Modi mia za silaha, vitabu na mazungumzo zinaweza kuwa nyepesi kuliko modi moja ya tekscha, yaani picha zinazovishwa juu ya maumbo ili mwamba uonekane mwamba na kitambaa kionekane kitambaa. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kukariri. Tekscha ya mtindo wa DXT5, uliozoeleka sana, hutumia baiti moja kwa kila pikseli. Yenye pikseli 1024 kwa 1024 ni megabaiti moja. Ya 2048 kwa 2048 ni nne. Ya 4096 kwa 4096 ni kumi na sita. Ongeza theluthi moja kwa nakala ndogo ndogo zinazotumika kitu kikiwa mbali, na ya 4096 inafika megabaiti 21. Na kitu kimoja mara nyingi kina tekscha mbili au tatu: ya rangi, ya mabonde na matuta yake, na ya mng'ao.

Linganisha na skrini. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zipatazo milioni mbili. Tekscha moja ya 4096 ina pikseli karibu milioni kumi na saba, mara nane ya skrini nzima. Ukiivisha kwenye mlima unaojaza upeo wa macho, kuna faida utakayoiona. Ukiivisha kwenye kikombe cha bati kilicho juu ya meza ya baa, hakuna binadamu atakayeona tofauti yake na ya 512, lakini kumbukumbu italipa gharama yote. Nimeona pakiti za modi zilizovisha 4096 kwenye ufagio. Mwenye modi hizo huona fahari kwa namba kubwa, na ninamwelewa, ila huo ufagio ndio unaomkatia mchezo wake. Bethesda wenyewe walitoa pakiti rasmi ya tekscha kubwa Februari 2012, bure, na wachezaji wengi walianza kukatiwa mchezo tangu siku walipoiweka.

Kulikuwa na jambo jingine lililolifanya tatizo la tekscha kuwa baya maradufu. Skyrim ya 2011 huchora kwa Direct3D 9. Katika mfumo huo, tekscha inayosimamiwa kwa njia ya kawaida huwekwa kwenye kumbukumbu ya kadi ya picha, na nakala yake hubaki kwenye kumbukumbu ya programu, ili ikipotea kwenye kadi irudishwe haraka. Nakala hiyo hula zile gigabaiti nne. Mtu mwenye kadi yenye megabaiti 3,000 za tekscha alikuwa anazilipia mara mbili, na malipo ya pili yalitoka kwenye fungu lisiloongezeka.

Aliyelitatua ni Mrusi Boris Vorontsov, mtunzi wa ENBSeries, programu iliyopata umaarufu kwa kurembesha mwanga na vivuli vya michezo. Ndani ya kazi yake aliweka sehemu iliyoitwa ENBoost, ambayo haikuhusu urembo hata kidogo. Ilizihamisha nakala za tekscha kutoka ndani ya TESV.exe na kuzipeleka kwenye programu nyingine ndogo, enbhost.exe, ambayo ina eneo lake la anwani. Ikijaa, inafunguliwa enbhost.exe nyingine. Ghafla ile RAM ya gigabaiti 16 iliyokuwa imekaa bure ikapata kazi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande cha ujuzi kilichookoa Skyrim nyingi kuliko kingine chochote katika miaka ile, na kinafurahisha kwa sababu mtu huyo hakuwa na msimbo wa mchezo mbele yake. Alisimama kati ya mchezo na Direct3D, akayadaka maombi njiani.

Kabla ya kuendelea na waganga, nitaje jeraha moja ambalo wachezaji walijitia kwa mikono yao. Katika faili la mipangilio kuna mstari uitwao uGridsToLoad. Hueleza mraba wa ardhi unaopakiwa kikamilifu kumzunguka mchezaji. Thamani yake ya kawaida ni 5, yaani maeneo matano kwa matano, jumla 25. Wengi waliipandisha kuwa 7 au 9 ili kuona mbali. Saba ni maeneo 49, tisa ni 81. Kila eneo linakuja na watu wake, wanyama wake, tekscha zake na skripti zinazoanza kufanya kazi kabla ya wakati uliokusudiwa na watunzi, hata visa vikajiendesha mchezaji akiwa bado mbali. Na ukishahifadhi sevu ukiwa na 7, kurudi 5 kwa kubadilisha faili tu huifanya sevu hiyo ikate inapofunguliwa. Sina ushauri wa kati hapa. Iache 5. Kuona mbali kunatafutwa kwa modi za mandhari ya mbali, ambazo huchora maumbo mepesi.

Mwanzoni mwa 2014 ikaja hatua ambayo kwangu ni somo bora la namna ya kutafuta chanzo. Wapo waliokuwa na ENBoost, tekscha zilizopunguzwa, uGridsToLoad ya 5, na bado mchezo ulikata au kuganda kwenye skrini ya kupakia huku umbo la dubu au upanga likizunguka bila mwisho. Kumbukumbu yao haikuwa hata gigabaiti mbili. Mtengeneza modi anayejulikana kwa jina la sheson akaonyesha kwamba ndani ya zile gigabaiti nne mchezo una bloku zake, ambazo huzitenga mapema na kuzigawa wenyewe. Bloku ya kwanza ilikuwa ya megabaiti 256 tu. Ikijaa, mchezo ulitakiwa kujiongezea nafasi, na mara nyingi hatua hiyo ya kujiongezea ndiyo iliyouua au kuugandisha.

Angalia jinsi kikomo hiki kilivyojificha. Kipo ndani ya kingine. Ukitazama Task Manager unaona programu yenye nafasi tele, kwa sababu Task Manager hujumlisha vyote na haijui habari za bloku. Ilibidi pawepo kifaa maalumu, Memory Blocks Log, kilichoandika kila baada ya sekunde chache bloku ya kwanza na ya pili zimefikia wapi. Mchezaji aliyekatiwa alifungua faili hilo na kuona mstari wa mwisho: bloku ya kwanza 256 kati ya 256. Baada ya kubahatisha kwa zaidi ya miaka miwili, namba ilikuwa mbele ya macho.

Tiba ikaingizwa kwenye SKSE, programu ya kupanua skripti ambayo modi nyingi huitegemea, kuanzia toleo la 1.7.0. Unaandika mistari miwili katika faili la skse.ini: DefaultHeapInitialAllocMB iwe 768 na ScrapHeapSizeMB iwe 256. Ya pili hutolewa kwenye ya kwanza, na bloku inabaki na 512, mara mbili ya awali. Bila shaka wapo waliofikiri kwamba kama 768 ni dawa basi 1,500 ni dawa zaidi. Mchezo wao ukakataa kuwaka, au ukakata mapema kuliko zamani, maana bloku hutengwa kwa mfululizo kutoka kwenye gigabaiti zilezile nne, na kinachoongezwa huku kinapungua kwingine. Aliyepima aliongeza pale tu faili la vipimo lilipoonyesha bloku imejaa.

Ushauri mbaya wa miaka hiyo ulifanya madhara makubwa, na mmoja bado unazunguka. Katika mipangilio ya Papyrus, lugha ya skripti ya mchezo, kuna mstari uitwao iMaxAllocatedMemoryBytes. Jina lake linadanganya macho: mtu husoma ukomo wa kumbukumbu na kuandika namba yenye tarakimu tisa. Thamani yake ya asili ni 76,800, baiti elfu sabini na sita na kidogo, na inahusu kumbukumbu ya skripti peke yake. Haiongezi nafasi ya tekscha hata baiti moja. Mtu akikupa mstari wa kubandika, muulize unabadilisha nini na utajuaje kwamba umefaulu. Asipoweza kujibu la pili, mshukuru na uendelee na safari.

Baadaye mtunzi mwingine, meh321, akatoa Crash Fixes, ambayo pamoja na mengine iliweza kuling'oa kabisa lile ghala la ndani la mchezo na kuuacha uombe kumbukumbu moja kwa moja kwa Windows. Bloku hazikuwa na maana tena. Kazi hiyohiyo ilirekebisha kikomo kingine cha ajabu: sevu ya Skyrim haikuweza kubeba zaidi ya majina na maneno 65,536 yanayotumiwa na skripti, kiasi kinachohesabika kwa biti 16. Sevu ikizidi hapo ilihifadhiwa bila lawama, lakini ikakata kila ilipofunguliwa. Mamia ya saa za mchezo zilipotea hivyo, na wenye sevu hizo walikuwa wakiilaumu RAM.

Tarehe 28 Oktoba 2016 ikatoka Skyrim Special Edition, ya biti 64, inayochora kwa Direct3D 11. Ukuta wa gigabaiti nne ukaanguka. Programu ya biti 64 kwenye Windows ya leo inaweza kutaja terabaiti 128 za anwani, na hakuna modi itakayozimaliza. ENBoost ikakosa kazi. Wengi tulidhani sura hii imefungwa.

Haikufungwa. Kikomo kilihama kutoka kwenye mchezo kikaenda kwenye kompyuta nzima. Windows haikubali kuahidi kumbukumbu isiyoweza kuitoa: jumla ya ahadi ilizozipa programu zote haiwezi kuzidi RAM pamoja na faili la kurasa, lile faili la diskini ambalo mfumo hulitumia kama akiba. Mwenye RAM ya gigabaiti 16 aliyelizima faili hilo, kwa kuwa alisoma mahali kwamba kompyuta itaenda kasi, ameweka kikomo cha ahadi kwenye 16. Skyrim yenye tekscha za 4096 huomba sana, draiva ya kadi ya picha nayo huomba, kivinjari kilichoachwa wazi nyuma nacho kimeshika zake. Ombi la mwisho linanyimwa hata kama kuna RAM ambayo bado haijaandikwa kitu, kwa sababu ahadi na matumizi ni vitu viwili tofauti.

Dalili yake inajulikana vizuri. Katika toleo la 1.5.97, programu za kuandika ripoti ya ajali, ambazo siku hizi ni sehemu ya lazima ya mchezo wenye modi, huonyesha anwani inayoishia na D6DDDA. Ni mahali injini inapojaribu kutumia tekscha ambayo haikuweza kuundwa. Sababu ni moja kati ya mbili: faili la tekscha limeharibika, au kumbukumbu imekwisha. Kuzitenganisha ni rahisi. Ikikata kila mara unapofika chumba kilekile, tafuta faili bovu. Ikikata popote, baada ya muda mrefu wa kuzunguka, fungua Task Manager, ukurasa wa kumbukumbu, usome namba mbili zilizo chini ya neno "Committed". Ya kwanza ni ahadi zilizokwisha kutolewa, ya pili ni kikomo. Zikikaribiana umeshapata jibu. Windows pia huandika tukio nambari 2004 kwenye daftari lake inapoishiwa hivyo, na hata hulitaja jina la programu iliyobeba mzigo mkubwa zaidi.

Tiba ni kulirudisha faili la kurasa na kulipa ukubwa wa kueleweka. Waandaaji wa orodha kubwa za modi huelekeza lianzie gigabaiti 20, likiwa kwenye diski ya SSD. Lisiachwe lijikuze lenyewe kutoka ukubwa mdogo, kwa kuwa kukua huchukua muda na ombi la mchezo halisubiri.

Kuna pia kisa cha sevu "zilizoharibika" za Special Edition, ambacho nakitaja kwa sababu kilifanana sana na tatizo la kumbukumbu bila kuwa hilo. Watu wenye plagini nyingi, yaani mafaili ambayo modi huyaongeza kwenye mchezo, walikuwa wakiambiwa sevu yao imeharibika, kumbe iko salama. Mchezo ulikuwa umefikia idadi ya mafaili yanayoweza kufunguliwa kwa wakati mmoja, 512, na faili la sevu ndilo lililokosa nafasi. Modi ya SSE Engine Fixes ikaipandisha idadi hiyo hadi 2,048, na sevu zilizodhaniwa zimekufa zikafunguka.

Kwa hiyo mtu akinijia na Skyrim inayokata, namuuliza inakata lini. Kabla ya menyu kutokea, kwa kawaida ni plagini inayolitafuta faili mzazi inalolitegemea na kulikosa, kumbukumbu haihusiki. Mahali palepale kila siku, ni umbo au tekscha mbovu. Popote, baada ya muda, hiyo ndiyo yetu. Hapo swali la pili ni toleo. Kwa la 2011 tutatazama ukubwa wa TESV.exe na bloku zake; kwa Special Edition tutatazama ahadi na ripoti ya ajali. Na majaribio yafanywe kwa njia ileile kila mara: sevu moja, njia moja, mathalani kutoka Whiterun hadi Riften kwa kukimbia, kitu kimoja tu kikibadilishwa kati ya jaribio na jaribio. Anayebadilisha vitu vitano kwa pamoja na mchezo ukapona hajui kilichouponya, na utakapougua tena ataanza upya.

Wasomaji wengi wa kitabu hiki hawana gigabaiti 32. Wana zile kompyuta za ofisini zilizotumika zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, RAM ya gigabaiti 8, kadi ya picha ndogo au hakuna kabisa. Kwao yote haya yana uzito zaidi, na Skyrim yenye modi bado inawezekana. Anza na SSD, hata ndogo, uweke faili la kurasa humo. Chukua modi za tekscha katika toleo la 1024, ambalo watunzi wengi hulitoa sambamba na la 4096, au uzipunguze mwenyewe kwa Cathedral Assets Optimizer. Acha 2048 kwa ardhi, miamba na ngozi za watu, vitu ambavyo jicho hukaa juu yake muda wote. Funga kivinjari. Kisha cheza saa moja, ukikatiza miji miwili mikubwa, uangalie pengo kati ya zile namba mbili za ahadi. Likiwa bado na gigabaiti mbili au tatu, weka modi inayofuata, moja, na urudie njia ileile.